Mwalimu alipofunga mlango wa ofisi yangu

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa sita, saa kumi na moja kasoro, wakati ule baridi ya Moshi inapoanza kushuka kutoka mlimani na wanafunzi wanakusanya madaftari wawahi daladala za Kiboriloni. Nilikuwa narudisha vitabu rafuni. Akaingia mwalimu mmoja mkubwa wa chuo chetu, mkubwa kwa cheo na kwa umri; walimu vijana wengi wa idara yake aliwafundisha yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, dada yangu. Una dakika tano?"

Nikamkaribisha ofisini. Alipoingia akafunga mlango. Nina miaka 19 katika ukutubi, hii kazi ya maktaba, na sikumbuki mwalimu mwingine aliyewahi kuufunga mlango ule.

Alikuwa na karatasi tatu zimekunjwa katikati. Ya kwanza ilikuwa barua pepe aliyoichapa, kutoka kwa mhariri wa jarida alilopeleka makala yake kuhusu vyama vya msingi vya ushirika wa kahawa. Mhariri aliandika kwa adabu: marejeo manne katika orodha yako hatukuyapata, tafadhali yathibitishe. Karatasi mbili zilizobaki zilikuwa orodha yenyewe, na hayo manne ameyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, ile ile anayosahihishia mitihani.

"Makala hizi sijawahi kuzishika," akasema, sauti chini. "Niliiomba ChatGPT iniongezee marejeo ya karibuni. Yalikuja yamekaa vizuri kabisa." Akanyamaza kidogo. "Naomba vijana wa idara wasijue."

Nikavuta kiti, tukakaa upande mmoja wa meza. Kipanya nikamwachia yeye. Ni jambo nililojifunza kwa kuchelewa sana: ukimshikia mtu kipanya, anaondoka na jibu lakini mkono wake haujajifunza kitu.

Rejeo la kwanza lilikuwa na kila kitu. Jina la mwandishi ni la mtu aliyepo, anayeandika kweli juu ya ushirika. Jarida lipo. Mwaka upo, juzuu ipo, kurasa zipo, na mwishoni DOI, ile namba inayoanza na 10 na nukta. Nikamweleza kwamba DOI kwa makala ni kama namba ya NIDA kwa mtu: inasajiliwa mara moja, na haihami hata tovuti ya jarida ikibadilika. Ukiiandika baada ya doi.org na mkwaju, inakupeleka nyumbani kwa makala yenyewe. Akaiandika tarakimu moja moja, huku anaisoma kwa sauti. Ukurasa ukafunguka: namba hii haipo.

Ya pili ikafunguka. Kikatokea kichwa cha makala kuhusu meno ya watoto. Akakisoma, akavua miwani, akaifuta, akakisoma tena. Ya tatu tuliifuata kwa njia nyingine: tukaingia kwenye jarida lenyewe, tukafungua juzuu iliyotajwa, tukakuta juzuu ile inaishia ukurasa wa mia mbili na kitu, wakati rejeo linadai kurasa za mia nne. Ya nne nayo haikuwepo.

"Sasa imetoa wapi?" akauliza.

Haijatoa mahali. Programu za namna hii hazichomoi kadi kutoka kwenye kabati kama sisi tulivyokuwa tukifanya zamani. Zimesoma maandishi mengi mno, na zinatunga neno linalofuata kwa kufuata mazoea ziliyoyaona. Na hakuna maandishi yenye mazoea makali kama orodha ya marejeo: jina la ukoo, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, kurasa. Ndiyo maana programu inayoweza kukosea hesabu ya kawaida inakutungia rejeo lililonyooka kiasi hicho. Kadiri linavyopendeza, ndivyo jicho la msomi linavyolipita bila kusimama.

Nimeomba ruhusa yake kabla ya kuandika haya, na nimeondoa mambo mawili matatu ili asijulikane. Nayaandika kwa sababu mlango ule uliofungwa umenifanya nisome upya karibu kila nilichowahi kusoma kuhusu utafiti wa fani yetu.

Fani yenyewe mimi naiita umahiri wa taarifa. Wengine wanasema ujuzi wa habari, ila neno habari limeshachukuliwa na salamu na redio. Ukimwambia mwalimu uje tujifunze habari, anafikiri unamzungumzia gazeti. Aliyelianzisha wazo hili kwa jina ni Paul Zurkowski, Mmarekani aliyekuwa rais wa chama cha kampuni za biashara ya taarifa, kwenye ripoti aliyoiandikia tume ya taifa ya maktaba ya nchi yake mwaka 1974. Ukiisoma ripoti ile utaona hakuwa na watoto wa shule kichwani. Alikuwa anazungumzia watu wazima, wafanyakazi, wanaotumia taarifa kutatua matatizo ya kazi zao. Baadaye, mwaka 1989, kamati ya chama cha wakutubi cha Marekani ikatoa maelezo tuliyoyakariri sote darasani: kutambua kwamba unahitaji taarifa, kisha kuweza kuipata, kuipima na kuitumia. Halafu mwaka 2000 vikaja viwango vitano vya wakutubi wa vyuo vikuu vya huko, na kila kimoja kati ya vile vitano kilianza kwa kumtaja mwanafunzi. Mwanafunzi mahiri anafanya hivi, mwanafunzi mahiri anafanya vile. Mwalimu hayumo kwenye sentensi.

Hapo ndipo naona tulipopotea. Tulimhamisha mtu mzima wa Zurkowski tukamweka kijana wa mwaka wa kwanza, na mwalimu tukamgeuza mlinzi wa geti: yeye ndiye anayeturuhusu au kutunyima saa moja ya kuongea na darasa lake. Utafiti kuhusu walimu kwa miaka mingi ukawa ni kuwauliza wanawaonaje wanafunzi wao. Gloria Leckie, kule Kanada, mwaka 1996 alionyesha jambo moja zito: mwalimu anapotoa kazi ya kuandika, anafikiria utafutaji wa mtaalamu, mtu anayejua majina makubwa ya fani yake na anafuata rejeo hadi rejeo, wakati mwanafunzi hana hata jina moja la kuanzia. Claire McGuinness naye, mwaka 2006, aliwasikiliza walimu wa vyuo vya Ireland na kukuta imani kwamba wanafunzi watajiokotea tu stadi hizi njiani, kwa kufanya kazi walizopewa. Nilipoisoma makala ile mara ya kwanza nilijisikia kama mwandishi alikuwa amekaa kwenye kikao chetu cha kitaaluma.

Lakini swali lililobaki ni hili: na mwalimu je, aliokota wapi? Yule Daktari wangu alisoma shahada zake wakati wa droo za kadi. Alizijua droo zile kwa vidole. Tangu zilipotolewa na kompyuta kuingia, hakuna siku aliyoitwa akaketishwa akaonyeshwa. Alipewa nywila kwenye kipande cha karatasi, basi. Na cheo kilivyopanda, ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kwake kuuliza, kwa sababu mtu anayeitwa Daktari anategemewa kujua. Mimi mwenyewe nilimtegemea hivyo. Nimepita mbele ya ofisi yake miaka yote hiyo nikaenda kufundisha vijana wa cheti.

Walikuwepo waliowatazama walimu wenyewe mapema. Christine Bruce wa Australia, katika kazi yake ya 1997, hakuanza na orodha ya stadi. Aliwauliza watu wa vyuo vikuu wanavyouishi umahiri huu, akapata sura saba: kuna wanaouona kama teknolojia, kuna vyanzo, kuna mchakato, kuna kuitawala taarifa na kuihifadhi, kuna kujenga maarifa, kuna kuyapanua, na sura ya saba ni hekima, yaani kuitumia taarifa kwa manufaa ya watu. Sura hizi nilizikariri kwa ajili ya mtihani zikabaki daftarini. Alhamisi ile ndipo nilipoziona zimekaa kwenye kiti. Katika mambo ya kahawa mzee huyu yuko kwenye hekima. Muulize kuhusu chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, kuhusu kwa nini vyama vya msingi vinakosa fedha msimu unapoanza, kuhusu mama mwenye nusu eka ya kihamba, shamba la nyumbani la Kichagga, anayeamua kung'oa mibuni apande parachichi, atakujibu bila kufungua kitabu. Teknolojia ndiyo iliyomwangusha, sura ya kwanza. Kumbe sura zile si ngazi. Mtu anaweza kuwa juu kabisa huku na chini kabisa kule, siku hiyo hiyo, katika makala hiyo hiyo.

Miaka ya karibuni watafiti wameanza kuwatazama wasomi wakiwa kazini badala ya kuwauliza maoni, na huko ndiko natamani sote twende. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye uzamivu, wahakiki wa ukweli 10 wanaofanyia kazi vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wakawapa tovuti wazipime, huku wakisema kwa sauti wanachofikiri. Zoezi moja lilihusu vyama viwili vya madaktari wa watoto vya Marekani vyenye majina yanayofanana: kimoja chama kikubwa cha tangu 1930, kingine kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Wahakiki walikaa kwenye ukurasa sekunde chache tu, wakatoka, wakafungua madirisha mengine kuuliza: hawa ni nani, na wengine wanasema nini juu yao? Wanahistoria wengi walibaki pale pale wakisoma kutoka juu kwenda chini, kwa makini, kama wanavyosoma hati, na mara nyingi walivutwa na nembo nzuri na majina ya tovuti yenye sura rasmi.

Hebu fikiri. Usomaji wa makini, ile tabia tunayomsifu nayo msomi, ndio uliowafunga. Nilipojaribu zoezi kama hilo na walimu wachache mchana mmoja, nilianza mimi mwenyewe, peke yangu, na tovuti ya jarida lililokuwa linawatumia walimu wetu mialiko ya kuchapisha ndani ya siku tatu kwa malipo. Nilisoma ukurasa wake wa utambulisho wote. Niliposhtuka, dakika nane zilikuwa zimepita na sikuwa nimetoka nje ya tovuti hata mara moja. Mwalimu kijana mmoja wa hapa alikuwa ameshalipa jarida la aina hiyo kwa mshahara wake, akitafuta kupanda daraja, na makala ile hakuna aliyeihesabu. Walimu bado wananiuliza kama jarida fulani liko kwenye orodha ya Beall, ile ya majarida yanayoshukiwa kuchapisha chochote kwa malipo. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, aliiondoa orodha yake Januari 2017. Wanaotegemea nakala zake wanapima majarida ya leo kwa macho ya zamani.

Nirudi kwenye kule kuwauliza watu maoni kwa dodoso, maana hapa nina neno. Nimeshajaza na kugawa dodoso nyingi za umahiri wa taarifa. Zinafanana: kwa kipimo cha 1 hadi 5, unajiamini kiasi gani kutafuta kwenye kanzidata? Mwalimu anaweka 4. Anaweka 4 kwa sababu 5 ni majivuno na 3 ni aibu. Kisha tunajumlisha, tunatoa wastani, tunaandika kwamba umahiri wa walimu ni wa juu kiasi. Tumepima heshima ya mtu, hatujapima anachokifanya akiwa peke yake usiku na makala inadaiwa kesho. Melissa Gross na Don Latham wa Florida walikuta kwa wanafunzi kwamba wenye stadi ndogo ndio wanaojikadiria juu kupita walivyo. Kwa walimu sioni kwa nini dodoso letu liaminiwe zaidi. Hapa nchini kazi imeanza zamani, tusijidharau. Evans Wema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mark Hepworth wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walichapisha mwaka 2007 tathmini ya mafunzo yaliyoendeshwa pale Mlimani. Lakini wanafunzi wetu wa ukutubi wanaponijia na mada, karibu wote wamebeba dodoso la 1 hadi 5. Nawaomba: nendeni mkakae na mwalimu mmoja saa mbili, mtazame mkono wake.

Kwa sababu ukikaa, unaona mambo ambayo hayamo kwenye fomu. Tulipomaliza yale marejeo manne nikamwuliza Daktari, wewe hasa ulikuwa unatafuta nini? Akasema alitaka kuonyesha kwamba wakulima wa mlimani hapa walikuwa wanabishania bei na soko la kahawa yao zamani sana, kabla ya uhuru, na alikosa vyanzo. Nikamwambia aniandikie alivyotafuta. Akaandika ushirika, kahawa, Tanzania.

Tanzania, jina hilo ni la 1964. Aliyeandika mwaka 1935 hakulijua. Tukaweka Tanganyika, na ukurasa ukajaa. Kisha nikamwonyesha kwamba kompyuta haijui kuwa Mchagga ni Mchagga: kuna walioandika Chagga, kuna walioandika Chaga, na Wajerumani waliandika Dschagga. Bruno Gutmann, mmisionari aliyeishi Old Moshi, kitabu chake cha 1926 kuhusu sheria za Wachagga kina tahajia hiyo kwenye jalada. Hata mlima waliuandika Kilimandscharo. Ukiandika namna moja unapata chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba vitatu.

Hapo yeye akawa mwalimu tena. Akainuka kidogo kwenye kiti. "Basi hata neno ushirika linatunyima," akasema. "KNCU, ule muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, ni ya 1933, sawa. Lakini kabla yake kulikuwa na KNPA, Kilimanjaro Native Planters' Association, tangu 1925, na jina lake linasema wapandaji, halisemi ushirika." Akaandika neno la wapandaji mwenyewe. Mimi nisingelipata hata ningekaa pale mpaka asubuhi, kwa sababu sikulisomea somo lake. Yeye asingejua kuunganisha tahajia zote tatu kwa neno moja la kutafutia. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ufunguo. Mwongozo ule wa wakutubi wa vyuo vya Marekani uliopitishwa 2016, uliochukua nafasi ya viwango vya 2000, unasema usomi ni mazungumzo. Kwangu maneno hayo yamekuwa na maana tangu siku ile tukiwa wawili kwenye meza moja.

Tukakuta makala moja nzuri, tukaigonga, ikadai dola thelathini na kitu. Akasema, bila kulalamika, "Ndiyo hapa huwa naishia. Nasoma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, nataja." Yuko Machame, anafanyia kazi nyumbani usiku, na kwa miaka amedhani makala hizo zinalipiwa na kila mtu. Research4Life ipo, mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia; ilianza 2002 na HINARI ya Shirika la Afya Duniani kwa majarida ya afya, mwaka uliofuata ikaja AGORA ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo, kwa kilimo, na taasisi za Tanzania zilizojisajili zinaingia bila kulipa. Nywila iko maktaba. Tangazo lake tulilibandika ubaoni, karibu na ratiba ya kufunga na kufungua. Yeye haingii maktaba kusoma ubao. Kosa hilo ni letu, nalisema wazi, na halitatoka kwa kubandika tangazo kubwa zaidi.

Tulitoka saa moja na nusu, mlinzi ameshazima taa za chini. Tangu mwezi ule kila Jumatano saa nane mchana nakaa idarani kwao, siyo maktaba. Sina mada, sina projekta, hakuna posho. Mwalimu anakuja na makala yake mwenyewe iliyokwama, mlango tunaufunga kama anataka ufungwe. Wiki nyingine anakuja mmoja, wiki nyingine hakuna, naandika ripoti zangu.

Daktari alirudisha makala yake kwa mhariri baada ya wiki tatu. Aliniletea orodha mpya niipitie, na namba zote zilifunguka. Alikuwa ameshazijaribu moja moja nyumbani kabla sijaziona. Marejeo mawili kati ya yale manne aliyabadilisha kwa mengine aliyoyasoma mwanzo hadi mwisho. La tatu aliliondoa, na aya yake akaiandika upya kwa kutumia yale ya Tanganyika. La nne lilikuwa limebeba sentensi moja kuhusu wanawake na mizani ya chama, sentensi iliyoandikwa vizuri kuliko nyingine zote kwenye ukurasa ule. Tuliitafutia chanzo Jumatano mbili, kwa tahajia zote, kwa kila neno tulilolijua.

Ameifuta. Aliniambia aliipenda sana, lakini hakuna mtu aliyewahi kuisema, na yeye mwenyewe hajaenda kuwauliza.

Mwezi wa kumi, kahawa ikiwa inapokelewa, anakwenda kuwauliza. Ameniomba nimtafutie kwanza kila kilichoandikwa.